Gertrude Elion na Matofali Bandia ya Uhai

Gertrude Belle Elion alizaliwa jijini New York tarehe 23 Januari 1918, bintiye daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania. Alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake aliyempenda mno alifariki kwa saratani ya tumbo. Hapo ndipo alipoazimia kusomea kemia.

Alihitimu katika Chuo cha Hunter mnamo 1937, tena kwa alama za juu, lakini hakupata ufadhili wa kuendelea na masomo. Mwajiri mmoja alidai kuwa mwanamke angewavuruga wanaume maabarani! Elion alifanya kazi bila malipo, akafundisha shuleni huku akisomea shahada ya uzamili, aliyoipata mwaka 1941, kisha akapima uchachu wa achari. Mwaka uo huo mchumba wake alifariki kwa maambukizi ya moyo, penisilini ikiwa bado haijaenea. Hakuolewa kamwe.

Mnamo 1944, George Hitchings alimwajiri katika kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome. Wazo lao lilikuwa sahili. Seli haiwezi kugawanyika pasipo nukleotidi, yaani matofali ya kujengea DNA. Je, ikipewa tofali bandia, lifananalo na la kweli ila halishiki, ujenzi hautakwama? Elion alitwaa mojawapo ya purini, akaondoa atomu ya oksijeni na kutia ya salfa mahali pake. Ndivyo ilivyopatikana merkaptopurini, iliyoidhinishwa mwaka 1953 kutibu watoto wenye saratani ya damu. Watoto waliokuwa mahututi wakainuka, wakacheza. Kisha, baada ya miezi kadhaa, maradhi yakarejea na wengi wakafa. Jambo hili lilimtonesha Elion mno, lakini hakuitupa dawa yake. Alichunguza jinsi mwili unavyoivunjavunja, na uchunguzi huo ukazaa alopurinoli, dawa ya jongo. Nayo merkaptopurini, ilipochanganywa na dawa nyingine, ilikuja kuwaponya watoto wengi. Ndugu yake, azathioprini, ndiyo iliyozuia mwili kuikataa figo ya mtu baki, mnamo 1962.

Ajabu zaidi ni asikloviri, iliyotengenezwa na Howard Schaeffer mwaka 1974. Kundi la Elion ndilo lililofichua siri yake: dawa hiyo hulala tu mpaka kimeng'enya cha virusi vya hepesi vyenyewe kiipachike fosfeti ya kwanza. Virusi hujichimbia kaburi, ilhali seli nzima husalimika.

Elion alistaafu mwaka 1983. Baadhi ya watu humhesabia uvumbuzi wa AZT, dawa ya kwanza ya virusi vya Ukimwi, ambayo baadaye ilitumika sana nchini Kenya. Hilo si sahihi. Jerome Horwitz aliiunda mwaka 1964, nao wanafunzi wa mbinu za Elion wakaifikisha kwa wagonjwa mnamo 1987.

Shahada ya uzamifu aliiacha njiani, kwani chuo kilimtaka aache kazi kwanza. Hata hivyo, mwaka 1988 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Hitchings na James Black. Alifariki Chapel Hill, North Carolina, tarehe 21 Februari 1999.