Bibi Hazen, udongo wa shambani na dawa ya fangasi

Leo naongelea mambo ya kina dada, ila kaka zangu msikimbie, yanawahusu pia.

Mdogo wangu alikuwa anawashwa sehemu za siri. Shoga yake akamshauri aweke punje ya kitunguu swaumu. Kaweka, kaungua, kalia usiku kucha. Namwambia twende hospitali, ananijibu eti dawa za kule ni kemikali, yeye anataka za asili. Ndipo nikamsimulia habari za bibi mmoja Mmarekani, Elizabeth Lee Hazen.

Hazen alizaliwa 1885 huko Mississippi. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo sana, akalelewa na ndugu. Alifundisha sayansi sekondari, akarudi shule, na 1927 akapata shahada ya udaktari pale Columbia, umri umeshapita miaka 40. Nyie mnaosema mmechelewa, mpo?

Miaka ya 1940 penisilini ilikuwa inaua bakteria, lakini fangasi wa ndani ya mwili hawakuwa na dawa salama. Hazen, akiwa maabara ya serikali ya jimbo mjini New York, akawa anakusanya udongo na kutafuta vijidudu vinavyoua fangasi. Akipata kimoja, anakitia kwenye chupa na kukituma kwa posta hadi Albany, kwa mkemia Rachel Brown, ambaye anachuja dawa na kumrudishia. Nyingi ziliua fangasi, ila ziliua na panya wa majaribio. Zikatupwa.

Siku moja akachota udongo kwenye shamba la marafiki zake kule Virginia. Humo ndimo ilimotoka nystatin, iliyotangazwa 1950 na kupewa jina la New York State. Mrabaha ulizidi dola milioni 13. Wale kina mama hawakujitajirisha, fedha zikaenda kwenye utafiti. Hazen alifariki 1975.

Sasa mnaona? Dawa ya hospitali nayo ilitoka udongoni, ni ya asili vilevile. Tofauti ni kwamba ilipimwa: inaua nini, kiasi gani, na haimdhuru nani. Maji ya kitunguu swaumu yanaweza kuua fangasi kwenye kisahani cha maabara, lakini ukeni yanaunguza, na hakuna ushahidi mzuri kwamba yanaponya. Halafu si kila muwasho ni fangasi, kuna bakteria na magonjwa ya zinaa. Bila kupima unabahatisha tu.

Mdogo wangu alikubali. Akapimwa, kweli ni fangasi, akapewa vidonge vya kuweka ukeni. Siku hizi wengi hupewa clotrimazole, lakini nystatin bado ipo. Baada ya siku chache akawa anacheka.

Mwarobaini siutukani, bibi yangu aliutumia. Nasema tu, pima kwanza. Na kama una mimba, usijaribu chochote kabla ya kuuliza kliniki.

Haya wadau, leteni maoni. Majina si lazima.