Alikuwa na tiketi ya India, akangoja mwaka mzima

Hebu fikiria umepata tiketi ya kwenda India kujitolea. Ungefanya nini kwanza? Wengi wetu tungeipiga picha na kuiposti. Madeleine Slade alirudi kwa ofisi ya meli akaomba safari yake iahirishwe kwa mwaka mzima.

Huyu alikuwa binti wa admirali, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1892. Na India haikuwa ngeni kwake. Alipokuwa na miaka 15 hivi, babake alitumwa Bombay kuongoza kikosi cha meli za kivita, familia ikamfuata. Huko aliona dansi, karamu na watumishi, vitu vikamchosha. Yaani alikaa India na India yenyewe asiione!

Alichokipenda ni muziki wa Beethoven. Mapenzi hayo yalimpeleka hadi Uswisi kwa mwandishi Mfaransa Romain Rolland, ambaye alimtajia kitabu alichokuwa ameandika kuhusu mtu fulani aliyeitwa Mahatma Gandhi. Madeleine hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Alikinunua kitabu Paris, akakimaliza siku iyo hiyo, na kufikia jioni alikuwa ameshaamua. Mbio hadi kwa wauza tiketi.

Halafu akajiangalia. Anakula nyama, anakunywa mvinyo, anakalia viti, lugha ya kule hajui. Sasa ataenda kumsaidia nani?

Ndiyo akaanza mazoezi kwao London. Aliacha nyama na pombe. Akalala sakafuni, akajifunza kukaa chini amekunja miguu (jaribu saa moja uone magoti yatakavyolia). Alisoma Kiurdu, na akajifunza kusokota uzi na kufuma, kwa sababu wafuasi wa Gandhi walisokota nyuzi za nguo zao wenyewe. Pamba hakuwa nayo, basi akasokota sufu. Majira ya joto alienda Uswisi kulima na wakulima ili mwili uzoee kazi.

Alimwandikia Gandhi pia, akamtumia pauni 20, na baadaye vipande vya sufu aliyoisokota. Gandhi alimkaribisha, lakini akamwonya waziwazi kwamba maisha ya ashram ni ya jasho na hali ya hewa ni kali. Hakurudi nyuma.

Aling'oa nanga Oktoba 1925. Tarehe 7 Novemba alifika Ahmedabad, akampigia Gandhi magoti. Gandhi alimwinua, akamwambia atakuwa binti yake, kisha akampa jina jipya, Mira. Alinyoa nywele, akavaa sari nyeupe ya pamba, na binti wa admirali akawa anasafisha vyoo.

Kuna kitu kimoja tu ambacho ule mwaka wa mazoezi haukumfundisha, nacho ni kukaa mbali na Gandhi. Kila alipotumwa kufanya kazi kwingine, alilia, akaugua, akaandika barua za kuomba arudi. Gandhi alimkemea na kumrudisha kazini. Binafsi namwonea huruma, ila nadhani Gandhi alikuwa sahihi: kama alikuja kuhudumia watu, watu walikuwa huko alikotumwa.

Walienda pamoja London mwaka wa 1931 kwa mazungumzo na serikali ya Uingereza. Walifungwa pamoja kuanzia 1942 hadi 1944, katika kasri la Aga Khan mjini Pune, na humo akashuhudia mke wa Gandhi, Kasturba, akifariki.

Gandhi alipouawa Januari 30, 1948, Mira alikuwa kaskazini karibu na Rishikesh, akihudumia mifugo na wanakijiji. Wengine walikimbilia Delhi kwa mazishi. Yeye, aliyekuwa akilia akitenganishwa naye hata kwa wiki chache, alibaki palepale.

Aliondoka India mwaka wa 1959, akaishi Austria na muziki wa Beethoven hadi alipofariki Julai 1982. Miezi michache baadaye filamu ya Gandhi ikatoka, naye yumo, mwanamke Mzungu aliyevaa sari nyeupe.