Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyefuata kansa ya watoto kwa gari

Kansa inayovimbisha mataya ya watoto hadi leo inaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika nchi jirani ya Uganda. Wazazi wa Makobola, wilayani Fizi, wanahusika, kwani ugonjwa huo hupatikana zaidi sehemu za joto zenye malaria nyingi, kama kando ya ziwa Tanganyika.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi, kisha akageukia udaktari. Mwaka 1946 alitumwa Lira, kaskazini mwa Uganda, halafu akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alikuta mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akaanza kutuma barua za maswali kwa hospitali nyingi za Afrika.

Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili, alisafiri kwa gari kuukuu toka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, karibu kilomita 16,000 kwa wiki kumi. Waligundua kwamba kwenye milima mirefu yenye baridi ugonjwa ulikuwa haba, lakini kwenye mabonde ya joto ulikuwepo.

Mwaka huohuo alitoa mhadhara London. Mmoja wa wasikilizaji, Anthony Epstein, alianza kutafuta kirusi ndani ya uvimbe huo. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Achong na Barr, wakakitangaza. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Watu wengi wanakibeba bila kuugua, ila malaria ya mara kwa mara humwongezea mtoto hatari.

Kampala haikuwa na mashine za mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa. Uvimbe ulinywea haraka, na baadhi ya watoto walipona kabisa.

Alirudi Uingereza mwaka 1966, akafariki mwaka 1993. Kansa hiyo hukua kwa siku chache tu, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa meno. Mtoto anayevimba taya huku meno yakilegea apelekwe hospitalini mapema, kwani dawa zipo na zinaponyesha.