Ilona Elek: Vita vilimnyima Olimpiki mbili, akarudi na kutetea taji

Ukisikia neno upanga, nadhani akili yako inakimbilia ile panga ya babu ya kufyekea nyasi kule ushago. Weka hiyo kando kwanza. Upanga ninaotaka uufikirie ni mwembamba kama spoku ya baiskeli, ncha yake ina kifundo ili isimtoboe mtu, na anayeushika amevaa nguo nyeupe na barakoa ya waya usoni. Kama ulifuatilia Olimpiki za Paris 2024, huenda ulimwona Alexandra Ndolo akishiriki mchezo huo, Mkenya wa kwanza kabisa kufika nao Olimpiki.

Sasa rudi nyuma zaidi ya karne moja, hadi Budapest, jiji kuu la Hungaria. Huko ndiko alikozaliwa Ilona Elek, Mei 17, 1907. Babake alikuwa Myahudi, mamake Mkatoliki. Kumbuka jambo hilo la babake, kwa sababu litarudi.

Hungaria na mchezo wa upanga ni kama sisi na mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wewe unajua kuwa kuanzia 1968 hadi 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria, dhahabu ya wanaume katika mbio hizo ilikuja nyumbani. Basi wanaume wa Hungaria walifanya hivyo hivyo kwa upanga unaoitwa seba: kutoka 1908 hadi 1964, kila mara nchi yao ilipokuwepo, mshindi binafsi alikuwa wao. Msichana akikulia Budapest na anataka kushika upanga, hakosi wa kumwiga. Shida ni kwamba wote aliowaiga walikuwa wanaume. Wanawake waliruhusiwa aina moja tu ya upanga Olimpiki, foili, na hiyo yenyewe waliipata mwaka wa 1924. Epee ilifunguliwa kwao 1996, seba 2004. Ndiyo, juzi tu.

Foili ni ya kuchoma, si ya kukata. Unatafuta kiwiliwili cha mpinzani. Ukimgusa mkono au mguu huhesabiwi kitu. Ilona alikuwa shoto, na katika mchezo huu shoto ni noma, maana mpinzani amezoea hatari itoke upande mwingine. Ubingwa wa Ulaya, ambao baadaye ulikuja kutambuliwa kuwa ubingwa wa dunia, aliutwaa 1934 na tena 1935. Dada yake Margit naye alikuwa mkali wa foili, kwa hivyo ni nyumba moja iliyotoa wanadada wawili kwenye timu ya taifa. Huko kwenye ubingwa wa timu, wanawake wa Hungaria walikuwa wakiwalaza wenzao mara kwa mara.

Halafu ikaja Berlin, Agosti 1936. Hizi ndizo Olimpiki za Hitler, zile ambazo Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alitwaa dhahabu nne mbele ya Wanazi waliohubiri kuwa ngozi yake ni ya mtu duni. Stori ya Owens umeisikia mara mia. Ya Ilona, iliyotokea wiki ile ile, je?

Mjerumani aliyetarajiwa kushinda foili aliitwa Helene Mayer. Alikuwa ametwaa dhahabu 1928 akiwa na miaka 17, Ujerumani nzima ikimshangilia. Lakini babake pia alikuwa Myahudi, na Wanazi walipoingia madarakani klabu yake ya nyumbani ikamfuta. Akabaki California alikokuwa akisoma. Ujerumani ilimwita tu kwa sababu Wamarekani walikuwa wakitisha kususia michezo. Walihitaji jina moja la Kiyahudi la kuonyesha ulimwengu kwamba mambo ni shwari. Mwingine alikuwa Ellen Preis wa Austria, bingwa wa 1932, naye pia wa asili ya Kiyahudi.

Jambo jingine la kujua ni jinsi pointi zilivyohesabiwa. Siku hizi foili ina waya wa umeme. Ukigusa, taa inawaka, mjadala umekwisha. Berlin wanaume wa epee walikuwa tayari na umeme, ila foili bado. Iliamuliwa kwa macho: mwamuzi mkuu mmoja na wasaidizi wanne waliokodoa macho wakijaribu kuona ncha inayopita kama umeme wa mvua. Wasipoona, hukugusa. Hebu jiweke katika viatu vya Ilona. Uko Berlin ya 1936, babako ni Myahudi, na pointi yako iko kwenye macho ya binadamu.

Alishinda. Ilona wa kwanza, Helene wa pili, Ellen wa tatu. Katika mchezo ulioandaliwa na Wanazi, wanawake wote watatu waliopanda jukwaani walikuwa na damu ya Kiyahudi. Helene aliinua mkono kwa saluti ya Kinazi, na watu wanabishana juu ya mkono ule hadi leo. Mimi huwa sina haraka ya kumhukumu. Familia yake ilikuwa bado Ujerumani. Ilona alipewa mche wa mwaloni kama washindi wote wa dhahabu pale Berlin, akarudi nyumbani akiwa mwanamke wa kwanza wa Hungaria kuwa bingwa wa Olimpiki. Ukipekua orodha za mwaka huo utakuta ameandikwa Schacherer-Elek. Usidhani ni mtu mwingine.

Alikuwa na miaka 29. Kwa mchezo huu unaotaka akili kuliko kifua, huo ndio umri mtamu. Olimpiki iliyofuata ingekuwa 1940, yeye akiwa na miaka 33. Ikafutwa. Ya 1944, akiwa na 37, nayo ikafutwa. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimemeza kila kitu.

Ila usifikirie alikuwa tu nyumbani akingoja kalenda. Serikali ya Hungaria, ile ile iliyojivunia nishani yake, kuanzia 1938 ilipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuwabana Wayahudi. Machi 1944 jeshi la Ujerumani likaingia. Kati ya Mei na Julai mwaka huo, Wayahudi zaidi ya 400,000 wa Hungaria walipakiwa kwenye treni, wengi wao wakapelekwa Auschwitz. Ubingwa haukuwa kinga. Attila Petschauer, aliyekuwa na dhahabu mbili za seba katika timu ya Hungaria, alikufa 1943 katika kikosi cha kazi za kulazimishwa. János Garay, dhahabu 1928, alifia kambi ya Mauthausen mwaka wa 1945. Endre Kabos, aliyetwaa dhahabu ya seba pale pale Berlin alipotwaa Ilona, aliuawa Novemba 1944 daraja la Margit lilipolipuka jijini Budapest.

Ilona aliponea.

Mwaka wa 1948 Olimpiki zikarudi, London. Chakula kilikuwa bado cha mgao, hakuna kijiji kipya kilichojengwa, wanamichezo wanaume wakalazwa kwenye kambi za jeshi na wanawake vyuoni. Ilona alifika pamoja na Margit. Alikuwa na miaka 41. Hebu kuwa mkweli: ungemwekea bet? Mashabiki wa leo wanamwita mchezaji mzee akifika 33.

Basi huyo mama akaingia ukumbini Wembley na kuondoka na dhahabu tena. Wa pili alikuwa Karen Lachmann wa Denmark. Wa tatu? Ellen Preis, yule yule wa Berlin, sasa akiitwa Müller-Preis. Miaka 12, vita katikati, halafu wanawake wawili wanakutana tena jukwaani. Kati ya mabingwa wa 1936, Ilona na mpiga kasia mmoja wa Chekoslovakia, Jan Brzák, walikuwa miongoni mwa wachache waliofaulu kutetea mataji yao London. Na hakuna mwanamke aliyekuwa ametetea dhahabu ya foili kabla yake.

Hakuacha. Mwaka wa 1951 akatwaa ubingwa wa dunia Stockholm, miaka 16 baada ya ule wa 1935. Mwaka uliofuata akaenda Helsinki, miaka 45, akitafuta dhahabu ya tatu. Alifika hadi mwisho akiwa sawa na Irene Camber, Mwitaliano wa miaka 26, ikabidi waingie pambano la ziada. Hapo kijana akashinda. Ilona akachukua fedha.

Wakimjadili, watu humhesabia hizo tatu: dhahabu, dhahabu, fedha. Mimi huhesabu pia zile ambazo hakuwahi kuzishindania. Ondoa mbili zilizofutwa. Ongeza na mashindano ya timu, ambayo yeye, Margit na wenzao waliyatawala duniani lakini Olimpiki haikuwa nayo kwa wanawake. Yaliingizwa Roma mwaka wa 1960, yeye akiwa na miaka 53. Hungaria ilipata fedha mwaka huo, na miaka minne baadaye, Tokyo, wasichana wa Budapest wakatwaa dhahabu ya timu. Ilona alikufa jijini humo humo Julai 24, 1988, akiwa na miaka 81.