Kipchomber arap Koilegen: Mhamiaji Aliyehamishwa

Mwanafunzi yeyote aliyesoma historia ya Kenya analijua jina la Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi mwaka 1905 alipokwenda kukutana na Waingereza kwa mazungumzo ya amani. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, hatajwi sana vitabuni, ingawa miongoni mwa Wakipsigis wa Bomet na Kericho jina lake halijafutika. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake kwa sababu moja kuu: ndani yake tunaona jinsi koloni lilivyojengwa kwa kuwahamisha watu. Wako walioitwa waje, wako waliofukuzwa waende, na wako waliobaki palepale wakageuzwa vibarua katika ardhi ya baba zao.

Kipchomber alizaliwa katika ukoo wa Talai, nchi ya Nandi. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho aliyetabiri mambo, aliyebariki vita na kuombwa ushauri katika mambo mazito ya jamii. Cheo hicho kilikuwa na heshima kubwa, lakini pia kilikuwa na hatari. Mwaka 1890 Wanandi walimuua Kimnyole wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Baada ya kifo chake, wanawe wawili, Koitalel na Kipchomber, waliwania urithi. Koitalel alipata ushindi. Kipchomber akafunga safari kuelekea kusini pamoja na wafuasi wake.

Hivyo basi, tunakutana naye kwanza akiwa mhamiaji. Hata hivyo, uhamiaji wake ulikuwa wa namna iliyozoeleka katika nchi hizi kabla ya ukoloni. Wakipsigis na Wanandi wanaelewana kwa lugha na wanafanana kwa mila, na koo zao zimeingiliana. Mgeni hakuja na hati ya kumiliki ardhi wala hakumwondoa mwenyeji. Alikuja na kipawa chake, akapokewa. Wakipsigis walimfanya Orkoiyot wao, na ndugu zake wengine wakapata makao na heshima miongoni mwao. Nguvu zake hazikuwa za jeshi. Zilikuwa katika neno lake, kwani vijana walilisikiliza kabla ya kwenda vitani.

Wakati huohuo uhamiaji wa namna nyingine ulikuwa ukikaribia kutoka pwani. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, nayo ikafika kando ya Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Kisumu leo, mwezi wa Desemba 1901. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walipoteza maisha. Reli ilipokamilika, serikali ilitaka igharimie matumizi yake. Ilionelea kwamba njia ni kuwaita walowezi wa Kizungu waje kulima nyanda za juu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha kukodi mashamba kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikaongeza muda huo hadi miaka 999.

Mlowezi aliletwa na ardhi akapewa, lakini mikono ya kuilima hakuja nayo. Hapo ndipo siri ya koloni inapofichuka. Shamba lisilo na mfanyakazi ni pori tu, na mfugaji mwenye ng'ombe wake na malisho yake hana haja ya kuajiriwa. Basi ilibidi uhuru wake upunguzwe. Kodi ya nyumba ilimlazimu atafute fedha. Kupunguzwa kwa ardhi kulimnyima malisho. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, yakaua watu wengi na kutwaa mifugo. Baadaye mashamba ya walowezi yakapimwa katika eneo hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ndipo Koitalel alipouawa huko Nandi.

Kipchomber alibaki hai, lakini serikali haikumwamini. Machoni pa watawala, Orkoiyot alikuwa mtu mwenye kauli kuliko machifu waliowateua wao. Endapo angewaambia vijana wasitii, nani angelipa kodi, na nani angekwenda kazini? Mwaka 1914 serikali ilimkamata pamoja na ndugu zake, ikawahamishia mbali na Wakipsigis. Yeye aliyehama kwa miguu yake na kupokewa kwa heshima, sasa alihamishwa chini ya ulinzi. Kipchomber alifia uhamishoni.

Yaliyofuata yanaeleza maana ya kuondolewa kwake. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1919, ekari 25,000 za ardhi ya Kericho zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Walipanda kitani, bei yake ikaanguka, na mradi wao ukafilisika. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na majani ya chai yakatanda. Wakipsigis wengi hawakupenda kazi ya kuchuma chai. Walipendelea mifugo na mahindi, na baadhi yao wakawa maskwota katika mashamba ya walowezi ili wapate malisho. Kwa hiyo wafanyakazi wengi wa chai waliletwa kutoka kwa Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Wanaume hao walibeba kipande shingoni, cheti kilichosajili alama za vidole na kumfuata mtu kila alikoajiriwa. Neno kipande, ambalo asili yake ni sehemu ndogo ya kitu, likawa jina la kifungo.

Ukoo wa Kipchomber nao haukusazwa. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai, na mamia yao, wanaume kwa wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Waliishi huko hadi karibu na Uhuru, na waliporudi walikuta nafasi zao zimekwisha kuchukuliwa. Mnamo mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walifungua kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakidai haki kwa ardhi iliyotwaliwa na kwa mateso ya uhamisho.

Msafiri atokaye Bomet kwenda Kericho huyaona mashamba ya chai yakiwa yamenyooka kama zulia, akadhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Sivyo. Kila ekari ina waliohamishwa ili iwe wazi, na ina walioletwa ili ilimwe. Kipchomber arap Koilegen hakuwahi kuiona chai hiyo ikichumwa, lakini ilibidi aondolewe kwanza, kisha ipandwe.