Li Shizhen: Tabibu wa China aliyeonja dawa kabla ya kuisifu

WAHENGA walinena kwamba sumu haionjwi. Hata hivyo, katika karne ya 16 aliishi tabibu mmoja nchini China aliyethubutu kuionja, kwa kuwa hakupenda kuwaandikia wagonjwa jambo ambalo hakulithibitisha.

Tabibu huyo ni Li Shizhen, aliyezaliwa mwaka wa 1518 mjini Qizhou, mkoani Hubei, wakati wa utawala wa nasaba ya Ming. Babu yake alikuwa mganga wa kuzunguka vijijini, naye babake, Li Yanwen, alikuwa tabibu aliyeheshimika.

Enzi hizo utabibu haukuwa kazi yenye hadhi kubwa. Babake alitamani mwanawe awe afisa wa serikali, cheo kilichopatikana kwa kufaulu mitihani migumu ya dola. Li Shizhen alifaulu mtihani wa kwanza akiwa kijana wa miaka 14, lakini akaanguka mara tatu katika ule wa mkoa. Ndipo alipoacha kuwania cheo na kuanza kujifunza utabibu kwa babake.

Sifa zake zilienea upesi. Baada ya kumtibu mtoto wa mwanamfalme wa Chu, aliajiriwa katika kasri lake, kisha akapelekwa Beijing kuhudumu katika taasisi ya matabibu wa mfalme. Hakukaa huko sana, alirejea kwao.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa vitabu vyenyewe. Kadiri alivyovisoma ndivyo alivyogundua kwamba vilipingana. Mmea mmoja ulipewa majina mawili, na mimea miwili tofauti ikapewa jina moja. Kosa la mwandishi wa kale lilinakiliwa na waliomfuata, likawa ni elimu. Kwa mgonjwa, kosa kama hilo lingeweza kuwa kifo.

Mwaka wa 1552 alianza kazi ya kuvisahihisha. Alisoma vitabu vipatavyo 800, lakini hakutosheka navyo. Alisafiri milimani na mabondeni akiwauliza wakulima, wavuvi, wawindaji na wakata kuni yale waliyoyaona kwa macho yao.

Vitabu vilidai kwamba kakakuona hunasa sisimizi kwa kufungua magamba yake, akayafumba wakiisha kuingia, kisha akaenda kuwala majini. Li Shizhen alimpasua mnyama huyo, akakuta tumbo limejaa sisimizi, naye akaeleza kwamba huwanasa kwa ulimi.

Kulikuwa na mmea mwingine wa jamii ya mnanaha, ambao watu walisema kwamba ukitiwa katika pombe humfanya mnywaji acheke au acheze ngoma. Li Shizhen aliunywa mwenyewe. Aligundua kwamba mnywaji aliyelewa nusu hufuata lile analofanyiwa mbele yake: akichekewa hucheka, akichezewa hucheza. Aliandika pia jinsi mmea huo ulivyotumiwa kumpunguzia maumivu mgonjwa anayepasuliwa.

Ujasiri wake ulionekana zaidi katika suala la zebaki. Waandishi wa kale walidai kwamba anayeinywa kwa muda mrefu hafi kamwe, na mfalme Jiajing, aliyetawala hadi mwaka wa 1567, alikuwa mpenzi mkubwa wa dawa za kuishi milele. Li Shizhen aliandika waziwazi kwamba zebaki ni sumu, na kwamba imewaangamiza watu wasiohesabika.

Alimaliza kitabu chake, Bencao Gangmu, mwaka wa 1578. Kilikuwa na juzuu 52, kikieleza dawa 1,892 na maagizo ya tiba zaidi ya 11,000. Mwaka wa 1580 alimwendea mwanachuoni maarufu Wang Shizhen kuomba dibaji, lakini aliipata miaka kumi baadaye. Alifariki mwaka wa 1593 kabla ya kukiona kitabu mikononi mwa wasomaji. Kilitoka Nanjing mwaka wa 1596. Mwaka wa 2011 Unesco ilikiingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Si kila alichoandika kilikuwa sahihi. Ndani ya kitabu hicho mna imani nyingi za zama zake ambazo sayansi haizikubali. Tena njia yake ilikuwa na mpaka. Mtu mmoja akinywa dawa anaweza kujua kama inalevya au inatapisha saa hiyo hiyo; hawezi kujua kama itaharibu figo baada ya miezi, wala kama mgonjwa angepona bila dawa hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, watu wapatao 100, wengi wao wanawake, waliharibikiwa na figo baada ya kutumia tembe za kupunguza unene zenye mitishamba ya Kichina. Ilibainika kwamba mmea uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, ambao ni sumu. Ni kosa lile lile ambalo Li Shizhen alipigana nalo maisha yake yote.

Upande wa pili upo mmea wa qinghao, wa jamii ya pakanga. Li Shizhen aliutaja kuwa dawa ya homa ya malaria, akifuata maandishi ya Ge Hong wa karne ya nne. Mnamo 1971 mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipata kutoka kwa mmea huo dawa iliyowaponya panya wa maabara. Mwaka uliofuata waliinywa wao kwanza ili kupima usalama wake, ndipo wakawapa wagonjwa. Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Tangu mwaka wa 2006, dawa za jamii hiyo ndizo zilizotangulizwa katika kutibu malaria kwenye hospitali za Kenya. Mmea ulikuwa umesifiwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Sifa hizo zilionyesha mahali pa kutafuta. Kipimo ndicho kilichoupeleka kitandani kwa mgonjwa.