Tingatinga alisomea wapi kuchora?

Wiki iliyopita nilijaribu kuchora maua. Nikatia asumini kwenye chupa ya soda, nikakaa nayo barazani hapa Bagamoyo na kopo la rangi ya milango. Jamani, ilitoka kabichi! Mshkaji akaniambia niende chuo cha sanaa. Ada sina.

Ndo nikamkumbuka marehemu Edward Saidi Tingatinga. Wengine wakisikia hilo jina wanafikiria trekta, kumbe ni mtu. Chuo hakusoma. Hiki cha Bagamoyo kilianza 1981, yeye alishafariki.

Alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Akaja pwani kutafuta maisha, akaanzia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, halafu Dar, kazi za ndani kwa mzungu. Kuchora alianza ukubwani, 1968, na miaka yake 36. Turubai hakuwa nalo. Alitumia hadibodi, zile za kupigia dari, zilizokatwa mraba, na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, wazungu walikokuwa wakinunua mahitaji yao. Mkewe, Agatha, alikuwa anasaidia kuuza.

Sasa hapa ndo nilipochemsha mimi. Kwa mtindo wake unapaka ubao mzima rangi moja kwanza, unasubiri ukauke kabisa. Ndo unaweka umbo moja kubwa, chui au ndege, madoa na majani yanakuja mwisho. Kivuli hakuna. Mimi nilipaka maua juu ya rangi mbichi, yakavujiana yote.

Wapo wanaosema aliiga picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa Dar miaka ile. Inawezekana aliziona. Lakini aliyeiga tu asingepata wanafunzi, na yeye aliwapata: Simon Mpata, Ajaba Abdallah, January Linda na wengine, wengi wao ndugu na jamaa.

Kinachoniuma ni 1972. Usiku, akiwa kwenye gari, polisi walidhani ni wahalifu wanakimbia. Wakapiga risasi. Alikuwa na miaka 40, na kuchora kwenyewe kama minne tu! Wale vijana wakaendelea, na mwaka 1990 kikawepo chama cha ushirika chenye jina lake. Picha za mtindo huo ziko hadi kwenye maduka ya hapa Bagamoyo, watalii wanabeba.

Ubao wangu wa pili niliupaka bluu juzi. Leo nimeugusa, umekauka. Natoka kutafuta asumini nyingine, ile ya kwanza imeshanyauka.